Msaada: "Huenda alisahau kufunga" inaandikwaje kwa Kiingereza?

Stoo3

Wakuu, heshima kwenu. Kuna ripoti ya stoo inatakiwa kwa Kiingereza, na watakaoisoma hawakuwepo na Kiswahili hawakijui. Yanayojulikana ni machache. Jumamosi jioni maboksi ya glavu yalihesabiwa, yakawa 48. Jumatatu asubuhi yakawa 41. Kufuli lilikutwa wazi lakini halina hata mkwaruzo. Jumapili usiku umeme ulikatika kuanzia saa 5 hadi saa 9, na kamera hazina betri ya akiba. Mengine yote ni kukisia, hakuna aliyeona.

Ugumu uko hapo kwenye kukisia. Kwa Kiswahili sentensi zinakuja zenyewe, zikifika kwenye Kiingereza zinapinda. Nimeziweka hapa pamoja na nilivyojaribu:

1. Huenda mlinzi alisahau kufunga kufuli. "The guard might forgot to lock the padlock."
2. Lazima kuna mtu aliingia Jumapili usiku. "Someone had to enter on Sunday night."
3. Haiwezekani kufuli liwe lilivunjwa. "The padlock might not have been broken."
4. Umeme ulipokatika, mlinzi atakuwa alikuwa amelala. "When the power went off, the guard must have slept."
5. Nashuku kuna ufunguo wa pili ulichongwa. "I doubt a second key was cut."
6. Inaonekana kamera hazikurekodi. "The cameras seem did not record."

Naomba mnisahihishie, na mnieleze kinachokosewa ni nini, ili ikija sentensi ya saba niweze kuijenga mwenyewe.

---

Mwalimu_Umbo3

Mkuu Stoo3, karibu. Naanza na namba 1 kwa sababu kosa lake ndilo mama wa mengi.

Kila sentensi ya namna hii ina vitu viwili vyenye nyakati mbili tofauti. Kuna tendo, ambalo limeshapita. Na kuna wasiwasi wako, ambao ni wa sasa hivi unapoandika. Tazama Kiswahili chenyewe: "huenda alisahau". Neno "huenda" halibadiliki, liwe la jana au la mwaka juzi. Kinachobeba wakati uliopita ni ile "-li-" ndani ya "alisahau". Kiingereza kimegawa kazi vilevile. "Might" ndiyo "huenda" yako, na wakati uliopita unabebwa na "have" pamoja na umbo la tatu la kitenzi (lile la mwisho kwenye "forget, forgot, forgotten"). Basi ukikuta "-li-" baada ya "huenda", "labda" au "pengine", weka "have" mahali pake: huenda alisahau, "might have forgotten".

Kwa nini watu wengi wanaitupa hiyo "have"? Kwa sababu tumefundishwa kwamba "might" ni wakati uliopita wa "may", na "could" ni wakati uliopita wa "can". Kwa asili ni kweli, na bado unaiona ukinukuu maneno ya mtu: alisema huenda mvua itanyesha, "she said it might rain". Lakini kwenye kukisia, "might" inazungumzia wasiwasi wa sasa. "He might be in the store" ni huenda yumo stoo dakika hii. Anayeamini kwamba "might" imeshabeba wakati uliopita anaona "have" haina kazi, anaandika "might forget", ambayo ni Kiingereza kizuri kabisa ila maana yake ni huenda atasahau, au huwa anaweza kusahau. Mwingine anaona bado haijakolea, anaongeza na kuandika "might forgot", ambayo si Kiingereza kabisa.

Mpangilio haubadiliki: mtenda, kisaidizi (yaani "might", "may", "must", "could" na wenzake), "have", umbo la tatu. "The guard might have forgotten to lock the padlock." Sasa angalia panapoharibika.

"Have" haigeuki kuwa "has" wala "had" baada ya kisaidizi, hata mtenda akiwa "he" au "she". Kisaidizi kikishatangulia, kinachofuata kinabaki na umbo lake la asili. "He might has forgotten" na "he must had forgotten" zote ni kosa.

Umbo la tatu si umbo la pili. Vitenzi vya "-ed" havisumbui kwa kuwa maumbo hayo mawili yanafanana: "locked", "locked". Hata "leave", "put" na "cut" ni rahisi, yaani "have left", "have put", "have cut". Wanaokamata watu ni hawa: "forgotten" si "forgot", "gone" si "went", "taken" si "took", "stolen" si "stole", "broken" si "broke", "seen" si "saw", "come" si "came". Kwenye ripoti za wizi na ajali vitenzi hivi saba vinajirudia sana, vikariri hivyo kwanza. Utasikia Wamarekani wakisema "must have forgot". Midomoni inapita, kwenye karatasi rasmi usiiweke.

Kitenzi kikuu kikiwa ni "kuwa na", unapata "have had": lazima alikuwa na ufunguo, "he must have had a key". Watu wanaiogopa kwa kuwa inaonekana kama neno limerudiwa, wanafuta moja na kubaki na "he must had a key". Usifute. La kwanza linabeba wakati uliopita, la pili ndilo "kuwa na".

Kikanushi "not" kinakaa kati ya kisaidizi na "have": huenda hakufunga, "he might not have locked it". "Might didn't lock" haipo.

Na jambo moja ambalo hata wanaojua huwa wanalionea shaka. Tulikatazwa "he has left yesterday", na katazo hilo ni sahihi. Hapa halihusiki. "He might have left yesterday", "someone must have entered on Sunday night" ni sahihi, kwa sababu "have" hii imesimama mahali pa wakati uliopita. Taja siku, taja saa, usiogope.

Namba 2. "Lazima" yetu ina kazi mbili. Kuna lazima ya kubanwa na kuna lazima ya kukata kauli baada ya kuona dalili. "Had to" ni ya kwanza tu, alilazimika. Kwa hiyo "someone had to enter on Sunday night" msomaji wako ataelewa kwamba kuna mtu alilazimika kuingia, pengine kwa shughuli ya kazi, na atauliza ni nani alimtuma. Wewe unataka ya pili: "Someone must have entered on Sunday night." Njia ya kujipima ni kuweka "bila shaka" mahali pa "lazima". Sentensi ikibaki na maana ileile, andika "must have". Ikiharibika, andika "had to".

Ila hata "must have" iliyonyooka naomba uipime tena. Hesabu ni ya Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi. Nini kinakuonyesha kwamba ni Jumapili usiku na si Jumapili mchana? Kama ni ule umeme tu, basi huna "must", una "may". Salama zaidi ni kugawa: "Someone must have entered between Saturday evening and Monday morning, possibly during the power cut." Uhakika umebaki pale penye hesabu, na dhana imebaki pale penye dhana.

Namba 3 ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu umeandika Kiingereza sahihi kinachosema kitu kingine. "The padlock might not have been broken" maana yake ni huenda halikuvunjwa, yaani huenda pia lilivunjwa. Wewe umesema haiwezekani. Kwenye kukanusha, visaidizi vinagawanyika makundi mawili. "May not have" na "might not have" ni huenda haikutokea. "Can't have" na "couldn't have" ni haiwezekani ilitokea. Tena angalia kwamba "could have" na "might have" zikiwa hazijakanushwa zinakaribiana sana, huenda alichukua, "he could have taken it", "he might have taken it". Zikikanushwa zinatengana kama usiku na mchana: "he might not have taken it" inaacha mlango wazi, "he couldn't have taken it" inaufunga.

Kinyume cha "must have" kwa Kiingereza cha Uingereza ni "can't have". Wamarekani husema pia "must not have", na mara nyingi "couldn't have". Kwenye ripoti usifupishe, andika "cannot have". Na badala ya "broken" tumia "forced", kwa sababu "broken padlock" inaweza kusomwa kama kufuli bovu. "The padlock cannot have been forced, as there is not a scratch on it." Hapo sababu imefuatana na kauli, na ndivyo inavyotakiwa kila unapotumia "must have" au "cannot have". Msomaji anayekutana na maneno hayo mawili bila sababu ana haki ya kuuliza umejuaje.

"Can" yenyewe, bila kukanusha, haiingii kabisa kwenye kukisia yaliyopita. "He can have taken it" haisemwi hivyo. Inakubalika kwenye swali: "Where can he have gone?" Na "may" ni kinyume chake, inakubalika kwenye maelezo lakini kwenye swali la kukisia haikai. Usiulize "May he have forgotten?" Uliza "Could he have forgotten?" au "Do you think he may have forgotten?"

Namba 6 ni nyepesi. Ama "The cameras seem not to have recorded anything" au "It seems that the cameras did not record anything." Ukianza na kamera zenyewe, "seem" inadai "to". Ukianza na "it seems that", baada yake sentensi inaenda kawaida na wakati uliopita wa kawaida. Ulichofanya ni kuanza na ya kwanza na kumalizia na ya pili.

Namba 4 na 5 nawaachia watu wa tafsiri, zina mambo ya Kiswahili ndani yake.

---

Bi_Mkalimani

Nimeitika. Mwalimu ameieleza "-li-" vizuri, lakini ile kanuni yake ukiipeleka kwenye "-me-" itakuangusha, na namba 4 imeangukia hapohapo.

"-me-" ya Kiswahili ina sura mbili. Kwa vitenzi kama kuondoka, kuiba, kufungua, inaonyesha tendo lililokamilika. Atakuwa ameondoka, "he must have left". Hapo "have" inakaa. Lakini kwa vitenzi vya hali, kama kulala, kuchoka, kukaa, kusimama, kuvaa, kulewa, kujaa, "-me-" haisimulii tendo lililopita, inaonyesha hali aliyo nayo mtu sasa. Amelala, yuko usingizini. Amechoka, hana nguvu. Kwa hiyo "huenda amelala" si "he may have slept", ni "he may be asleep". "Atakuwa amechoka" ni "he must be tired". Hakuna "have" hapo, kwa sababu hakuna wakati uliopita.

Ukiirudisha hali hiyo nyuma, ukasema "atakuwa alikuwa amelala", ndipo "have" inaingia, nayo inaingia na "been": "he must have been asleep". Sentensi yako "the guard must have slept" maana yake ni bila shaka alilala, alipata usingizi. Ukiiunganisha na "when the power went off" inaleta picha kwamba umeme ulikatika naye ndipo akalala. Tofauti hiyo kwenye ripoti si ndogo. Aliyekuwa amelala kabla ya umeme kukatika na aliyelala baada ya umeme kukatika wataulizwa maswali tofauti.

Kipimo ninachowapa wanaoanza tafsiri ni hiki. Chukua kitenzi chenye "-me-", kiulize maswali mawili: "yukoje?" na "amefanya nini?" Kikijibu la kwanza, nenda na "be" na sifa yake: "be asleep", "be tired", "be drunk", "be full", "be wearing". Kikijibu la pili, nenda na umbo la tatu. Kufa kunajibu yote mawili, ndiyo maana "huenda amekufa" inaweza kuwa "he may be dead" au "he may have died", na mfasiri inabidi aangalie sentensi inayofuata.

Hata kamera zako zina jambo hilohilo. "Huenda kamera zilikuwa zimezimika" ni hali, "the cameras may have been off". "Huenda kamera zilizimika" ni tukio, "the cameras may have gone off". Na kama tendo lilikuwa linaendelea wakati huo, huenda mlinzi alikuwa anazunguka nyuma ya jengo, unapata "have been" na kitenzi chenye "-ing": "the guard may have been patrolling behind the building". Usikwepe urefu wake, hakuna namna fupi.

Sasa namba 5. Hii naiona kila mara na inaumiza watu. "I doubt" na "I suspect" zote tunaziita kushuku au kuwa na shaka, lakini kwa Kiingereza zinaelekea pande tofauti. "I doubt he took it" ni sidhani kama alichukua, unamtetea. "I suspect he took it" ni nahisi alichukua, unamtuhumu. Wewe uliandika "I doubt a second key was cut", msomaji ataelewa kwamba hudhani kuna ufunguo wa pili, na dhana yako nzima imefutika. Andika "I suspect that a second key was cut". Lakini kwa ripoti, neno "I suspect" linamweka mwandishi mbele kuliko jambo lenyewe. "A second key may have been cut" inatosha, nayo haimtaji mtu.

Kuna pacha wa kosa hili ambalo utakutana nalo ukiandika habari ya polisi au mahakama. "Anadaiwa kuiba maboksi saba." Kiswahili kimetumia "kuiba", ambayo haina wakati ndani yake, msikilizaji anaelewa mwenyewe kwamba ni jambo lililopita. Kiingereza hakiruhusu kuelewa wenyewe. "He is alleged to steal seven boxes" inasomeka kama tabia yake ya kila siku. Lazima useme "he is alleged to have stolen seven boxes". Vivyo hivyo anasemekana kuondoka, "he is said to have left", na anaaminika kuwa ndiye aliyefungua, "he is believed to have opened it". Kwenye miundo hii yote "to have" na umbo la tatu ndiyo "-li-" iliyojificha.

---

SikioLaKalamu

Nyongeza fupi kwa wanaosikia kuliko kusoma. Kwenye mazungumzo "have" hii haitamkwi wazi. "Must have" inasikika kama "mastav", "might have" kama "maitav", na wakiharakisha hata hiyo "v" inapotea. Kwa kuwa sauti inafanana kabisa na neno "of", kuna wanaoandika "must of" na "could of", na wamo wazawa wa Kiingereza wengi tu. Ni kosa la maandishi. Kifupisho sahihi ni "must've", na kwenye ripoti hata hicho usikitumie.

Jambo lingine la sikio ni kutofautisha "might have gone" na "might have to go". Ya pili ni huenda akalazimika kwenda, mambo yajayo. "To" hiyo ni ndogo masikioni, lakini ukiikosa umekosa wakati wote wa sentensi.

Na majibu mafupi. Mtu akiuliza "Did he lock it?" ukitaka kusema huenda alifunga, jibu ni "He might have." Ukiishia "He might" umejibu la wakati ujao. Waingereza huongeza "done": "He might have done." Swali likiwa la "was", kama "Was he there?", jibu ni "He might have been."

---

Stoo3

Mwalimu, Bi Mkalimani, SikioLaKalamu, asanteni sana. Hiyo ya "doubt" imenishtua, ingekwenda vilevile.

Nina mawili yaliyobaki. La kwanza, mnatumia "may have" na "might have" kwa kupishana. Zina tofauti au ni mapenzi ya mwandishi? La pili, kuna mwenzangu anasema "must have" ni nzito kuliko "he did", kwa hiyo nikitaka kukazia nitumie hiyo. Ni kweli?

---

Mwalimu_Umbo3

La kwanza. Pale ambapo hujui kilichotokea, zote mbili ni halali, na tofauti ni ndogo: wengi wanaisikia "might" kama hafifu kidogo, na "may" inaonekana zaidi kwenye maandishi rasmi. Chagua "may have" kwa ripoti yako uende nayo mwanzo hadi mwisho, msomaji asidhani unapima uzito tofauti kwa kila sentensi.

Tofauti halisi inatokea pale unapojua kwamba jambo halikutokea. "The fire might have spread to the next building" inaweza kuwa na maana mbili: huenda ulisambaa, hatujui, au nusura usambae, ila haukusambaa. "May have spread" ina ile ya kwanza tu. Kwa hiyo mambo ya "nusura" na ya "-ngeli-" ni ya "might have" na "could have", usiyape "may have". Siku hizi utaona hata magazeti ya Kiingereza yakiandika "without the seat belt he may have died" kuhusu mtu aliye hai, na wahariri wengi wanalisahihisha kuwa "might". Wana sababu nzuri: kwa "may", msomaji makini anabaki kujiuliza kama mtu huyo ni mzima.

Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na "could have" kwenye ripoti. "The guard could have locked the side door" inasomeka ama huenda alifunga mlango wa pembeni, ama alikuwa na uwezo wa kuufunga na hakuufunga. Hiyo ya pili ni lawama. Andika "may have locked" ukimaanisha ya kwanza, na "should have locked" ukimaanisha kweli kwamba alipaswa na hakufanya. Hata "should have" ina mlango wa pili, "the relief guard should have arrived by six", ambayo ni tulitarajia awe ameshafika. Humo lawama inategemea kilichotangulia.

La pili, mwenzako ameligeuza. "He took the boxes" ni kauli ya mtu anayejua. "He must have taken the boxes" ni kauli ya mtu ambaye hakuona, amefika hapo kwa kufuata dalili. Ukisema "must have" umekiri mwenyewe kwamba hukuwepo. Wanaisimu wanabishana juu ya hili kwa miaka mingi. Lauri Karttunen alieleza mwaka 1972 kwamba kauli yenye "must" ni dhaifu kuliko kauli tupu isiyo nayo. Mwaka 2010 Kai von Fintel na Anthony Gillies wakampinga, wakisema haipunguzi uhakika wowote, kazi yake ni kuonyesha kwamba msemaji amejua kwa kukisia na si kwa kuona. Kwa mwandishi wa ripoti pande zote mbili zinampa agizo moja: kilichoonekana kiandike kwa wakati uliopita wa kawaida, usikivishe "must have". Maboksi yalikuwa 41 asubuhi ile, basi andika "there were 41 boxes". Ukiandika "there must have been 41 boxes", utaulizwa kama kweli ulihesabu.

Na ukikwama kabisa, kuna njia isiyo na kisaidizi hata kimoja: "We do not know whether the padlock was locked on Saturday." Baada ya "whether", au neno la kuuliza kama "what time", sentensi inarudi kwenye mpangilio wa maelezo, haibaki na mpangilio wa swali. Si "we do not know what time did he leave", ni "we do not know what time he left". Hapo wanateleza hata wenye shahada.

Usirundike pia. "Maybe the guard might have possibly forgotten" ina huenda tatu. Moja inatosha. Na "maybe" neno moja ni labda, "may be" maneno mawili ni huenda ni.

---

Stoo3

Nimeandika upya. Naomba jicho la mwisho:

"On Saturday evening there were 48 boxes of gloves in the store. On Monday morning there were 41. The padlock was found open. It cannot have been forced, as there is not a scratch on it. The guard may have forgotten to lock it, or a second key may have been cut. On Sunday night there was a power cut from 5 to 9, and the cameras seem not to have recorded anything during that time. The guard may have been asleep when the power went off. We do not know whether anyone entered the store on Sunday night. Someone must have removed seven boxes between Saturday evening and Monday morning."

---

Bi_Mkalimani

Visaidizi vyote vimekaa. Nina mawili.

Sentensi ya mlinzi kulala ina dalili gani? Kufuli wazi linaunga mkono kusahau, na kufuli lisilo na mkwaruzo linaunga mkono ufunguo wa pili. Kulala hakuna kinachokuunga mkono kati ya uliyoyataja. "May have been asleep" ni sarufi sahihi, ila ukiitia kwenye ripoti bila dalili, msomaji ataamini unajua kitu ambacho hukukisema. Kama hakuna, itoe.

La pili ni saa, na hili ni zito kuliko yote kwa kuwa halina hata "may" ya kulifunika. Saa 5 usiku kwa Kiingereza ni "11 p.m.", na saa 9 usiku ni "3 a.m." Ukiacha "from 5 to 9" watadhani ni jioni ya saa 11 hadi saa 3 usiku, wataangalia kamera za muda huo na kukuta zinarekodi vizuri. Tena saa 9 usiku kwao imeshakuwa Jumatatu. Andika "from 11 p.m. on Sunday to 3 a.m. on Monday", na pale uliposema "on Sunday night" kwenye sentensi ya "whether", weka "during those four hours".